Homa ya mafua ya nguruwe

Homa ya mafua ya nguruwe ni aina ya influenza iliyoenea duniani mwaka 2009 na ambayo leo ni sehemu ya mafua ya kila mwaka. Husababishwa na kirusi cha influenza A cha kundi la H1N1. Licha ya jina lake, watu huambukizana wao kwa wao, hasa kwa matone yanayotoka mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuzungumza. Haipatikani kwa kula nyama.

Makala hii inautazama ugonjwa huo kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa Bangwe, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji iliyo upande wa kusini wa ghuba ya Kigoma. Penye bandari, mwisho wa reli na mialo ya wavuvi, mafua ya mbali hayakawii kufika.

Jina na utata wake

Neno "mafua" hutumika kwa magonjwa mawili tofauti. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vingine. Pua hutiririka, koo huwasha, na mtu huendelea na kazi zake. Influenza huanza ghafla kwa homa kali, kikohozi kikavu, maumivu ya kichwa na misuli, na uchovu unaomlaza mtu kitandani.

Jina "homa ya nguruwe" limeleta utata mkubwa zaidi, kwa kuwa wafugaji walikuwa nalo tayari. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, huteketeza nguruwe bandani lakini haimwambukizi binadamu hata kidogo. Kirusi cha mwaka 2009 ni kingine kabisa. Kiliitwa cha nguruwe kwa sababu sehemu kubwa ya vinasaba vyake ilitokana na virusi vya mafua ya nguruwe, vikichanganyika na vya ndege na vya watu.

Jina hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, wapatao 300,000, ingawa hatua hiyo haikuweza kuzuia ugonjwa unaopita kati ya watu. Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi: asiyekula kitimoto anaweza kudhani kwamba ugonjwa huu haumhusu.

Historia

H1N1 haikuanza mwaka 2009. Kirusi cha kundi hilohilo kilileta homa ya mwaka 1918, inayokadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani. Wakati huo Kigoma, iliyofikiwa na reli mwaka 1914, ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Tarehe 25 Novemba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi la Kijerumani huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Watu wake walipelekwa Bismarckburg, leo Kasanga, wakasafirishwa kwa meli hadi Kigoma, kisha kwa treni hadi Tabora. Wengi waliokuwa wamepona risasi za miaka minne waliuawa na influenza baada ya vita kwisha. Meli, treni na watu waliobanana: kirusi hakikuhitaji zaidi ya hayo.

Mwaka 2009 ndege zilifanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Ugonjwa uligunduliwa Meksiko na Marekani mwezi Aprili, na tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni janga la dunia. Wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya, mwishoni mwa Juni, na Tanzania, mwezi Julai, walikuwa wanafunzi waliotoka Uingereza. Hakuna aliyemleta nguruwe. Mwisho wa janga ulitangazwa Agosti 2010, lakini kirusi hakikutoweka; huzunguka kila mwaka pamoja na H3N2 na influenza B.

Homa si malaria peke yake

Mkoani Kigoma malaria ni nyingi, na mtoto akichemka mwili wazo la kwanza ni malaria. Wazo hilo si baya, kwa kuwa malaria huua haraka na kipimo chake lazima kifanyike. Tatizo huja kipimo kinapoonyesha hakuna malaria, na mzazi akampa mtoto dawa mseto hata hivyo, au akanunua antibiotiki dukani. Dawa mseto haiui kirusi cha influenza, na antibiotiki huua bakteria tu. Vilevile mtoto anaweza kuwa na malaria na influenza kwa pamoja.

Wagonjwa wengi hupona katika wiki moja kwa kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kutumia parasetamoli. Watoto wasipewe aspirini. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wajawazito, wazee, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au VVU. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea kifua anapovuta pumzi, asiyeweza kunyonya au aliyepata degedege apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi. Dawa ya oseltamivir husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48.

Kinga

Mtu huanza kuambukiza siku moja kabla ya kuugua, na huendelea siku tano hadi saba baadaye. Kwa hiyo kumkwepa anayekohoa hakutoshi. Madirisha ya darasa na daladala yafunguliwe, hata wakati wa mvua nyepesi (abiria watanung'unika). Kikohozi kizibwe kwa kiwiko au kitambaa, si kwa kiganja ambacho dakika moja baadaye kitasalimia watu. Pasipo bomba, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni vinatosha kunawia. Mwanafunzi mwenye homa abaki nyumbani. Mwalimu asimhesabie utoro.

Chanjo ipo, nayo hubadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Nchini Tanzania haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, kwa hiyo anayeihitaji, hasa mjamzito au mwenye ugonjwa wa kudumu, aulize hospitalini kama inapatikana.