Picha Elfu Zaungwa Kuwa Moja

Mtu akiwa na uvimbe, daktari hukata kipande kidogo cha nyama yake na kukipeleka maabara. Wengi wetu hudhani kwamba huko mtaalamu hukitazama mara moja kwa hadubini, akaandika jibu, na kazi ikaisha. Lakini katika maabara za utafiti wa saratani siku hizi kipande kama hicho hupigwa picha mamia kwa mamia, na pengine kupita 1000, kisha picha zote huungwa kuwa picha moja. Leo tunataka kuwaeleza kazi hiyo ya kuunga. Ni kazi isiyosifiwa sana, lakini ikiharibika, yote yanayofuata huharibika nayo.

KWA NINI PICHA MOJA HAITOSHI?

Hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo sana. Kadiri inavyokuza, ndivyo inavyoona mahali padogo zaidi. Jaribuni kutazama uwanja wa shule kupitia tundu la ufunguo: mtaona vizuri mtoto mmoja, lakini hamtauona uwanja wote.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai ziitwazo seli. Nyingi zina upana wa mikromita 10 hivi, na milimita moja ina mikromita 1000. Maana yake, seli 100 zikipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja tu. Nao ule mkato wa nyama uliolazwa juu ya kioo, mwembamba sana, waweza kuwa na upana wa sentimita moja au mbili. Hadubini inayoona kila seli haiwezi kuuona wote kwa pamoja.

Basi hufanyaje? Mashine hukisogeza kioo hatua kwa hatua, kama mkulima anayelima tuta baada ya tuta, na kila hatua hupiga picha. Kila picha tuiite kigae. Vigae hivyo hupandana kidogo pembeni, kama mabati ya paa. Fundi wa paa hupandisha bati juu ya bati ili mvua isipite. Mtaalamu wa picha hupandanisha vigae kwa sababu nyingine: ili majirani wawili wawe na sehemu wanayoiona wote wawili. Mtaona baadaye faida yake.

RANGI NYINGI, MIZUNGUKO MINGI

Seli haziandikwi majina. Ili kujua hii ni ya saratani na ile ni ya ulinzi wa mwili, wataalamu hutumia kingamwili zilizofungiwa rangi. Kila kingamwili hushika alama yake tu, na rangi yake hung'aa chini ya taa. Hadubini ya kawaida hutenganisha rangi chache tu kwa wakati mmoja, kama nne hivi, na kila rangi hupata picha yake ya peke yake, iitwayo chaneli.

Lakini rangi nne hazitoshi kueleza mambo ya saratani. Kwa hiyo wataalamu wa Chuo cha Udaktari cha Harvard, mjini Boston, Marekani, walitengeneza njia ya kurudia. Hupaka rangi, hupiga picha, kisha huzima rangi hizo kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, halafu hupaka nyingine katika mkato uleule na kupiga picha tena. Mwaka 2018 walieleza kwamba kwa njia hiyo waliweza kupata hadi alama 60 katika mkato mmoja.

Hebu tuhesabu. Tuseme vigae ni 500, chaneli ni 4, na mizunguko ni 10. Hizo ni picha 20,000 za kipande kimoja cha nyama ya mgonjwa mmoja! Nani atakaa kuzipanga kwa mkono?

HATARI IKO WAPI?

Mtu aweza kusema: Mashine yenyewe imeandika kila kigae kilipigwa wapi, basi na vipangwe hivyo. Kumbe mashine nayo hukosea. Husema imesogea kiasi fulani, kumbe imezidisha au imepunguza kidogo. Tena kioo kikitolewa kupakwa rangi mpya na kurudishwa, hakirudi palepale kabisa. Kosa la mikromita 10 jicho haliwezi kuliona, lakini tumekwisha kusema kwamba huo ndio upana wa seli nzima.

Kosa hilo lina madhara gani? Mwili una askari wake, seli za T, ambazo huweza kuziua seli za saratani. Askari hao wana alama moja iitwayo PD-1, ambayo ikiguswa huwatuliza wasipigane. Ziko dawa zinazozuia kutulizwa huko, na mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi uliofungua njia ya matibabu ya namna hiyo. Kwa hiyo watafiti hutaka kujua: Je, askari wamefika karibu na saratani, au wamebaki nje? Wana alama ya PD-1, au hawana? Sasa, picha ya mzunguko wa saba ikikaa pembeni kwa upana wa seli moja, alama ya askari itaandikwa juu ya seli ya saratani. Na mahali vigae vinapoungana vibaya, seli moja itahesabiwa mara mbili, au itapotea.

PROGRAMU INAVYOFANYA KAZI

Mwaka 2022 wataalamu walewale wa Boston walitoa maelezo ya programu yao ya kompyuta iitwayo ASHLAR. Neno hilo kwa Kiingereza ni jina la mawe ya kujengea yaliyochongwa hata yakakaa sawasawa. Programu hii hutolewa bure. Haina vitufe vya kubonyeza wala vigae vya kuburuta. Mtaalamu huandika mstari mmoja wa amri: jina la programu, kisha majina ya mafaili ya kila mzunguko kwa taratibu yake, wa kwanza mbele, na jina la faili litakalotoka. Mstari huo una faida yake. Aweza kuuhifadhi, akaurudia kwa wagonjwa mia bila kubadili neno, na mwenzake wa mbali akaujaribu naye aone kama atapata jibu lilelile.

Kwanza, programu huchukua kila jozi ya vigae jirani na kutazama ile sehemu wanayoiona wote wawili. Hulinganisha picha hizo kwa njia ya hesabu iliyotolewa mwaka 1975 na Kuglin na Hines. Ni kama kuweka kipande cha kitenge juu ya kingine na kukisogeza mpaka maua yaangukie juu ya maua.

Lakini angalieni! Maua ya kitenge hufanana kila mahali. Aidha, kuna vigae visivyo na nyama, vitupu kama shuka jeupe. Hapo mtu aweza kudhani ameona kufanana, kumbe ni bahati tu. Basi programu huchukua pia vigae visivyo jirani kabisa na kuvilinganisha, ili ijue bahati tupu huweza kuleta kufanana kwa kiasi gani. Jozi ya majirani isiyopita kiasi hicho hukataliwa. Vilevile jozi inayodai kigae kisogezwe mbali mno hukataliwa. Mtumiaji asipotaja kiasi chake, mpaka ni mikromita 15. Jozi zilizobaki ndizo huunganisha vigae vyote, na kigae kisicho na jozi ya kuaminika huwekwa kwa kufuata jinsi wenzake walivyosogea.

Pili huja mizunguko. Kila mzunguko hupigwa picha moja ya DNA, iliyo ndani ya kiini cha seli, kwa rangi ya buluu. Alama nyingine hubadilika, lakini viini havihami. Kwa hiyo programu hutumia viini kama vigingi: kila kigae cha mzunguko wa pili, wa tatu na wa kumi hulinganishwa na mzunguko wa kwanza. Seremala anajua sababu. Akikata boriti 20, kila moja huipima kwa ile ya kwanza. Akiipima ya tatu kwa ya pili, na ya nne kwa ya tatu, kosa dogo litakua, na ya mwisho haitakaa juu ya ukuta.

JICHO LA MTU BADO LAHITAJIKA

Msidhani programu hii ni ya miujiza. Yenyewe husogeza vigae tu. Haivinyooshi wala haivikunjui. Mkato wa nyama ukichanika, au ukakunjamana, au sehemu yake ikabanduka wakati wa kuoshwa, hakuna amri itakayoirudisha. Tena taa ya hadubini huwa kali katikati na hafifu pembeni. Jambo hilo lisiposahihishwa, picha kubwa hutoka na mistari kama ya vyumba. Kwa hiyo mtaalamu mwema huweka picha ya viini ya mzunguko wa kwanza juu ya ile ya mwisho, huzikuza, na kutazama kila upande. Viini vikilala juu ya viini, aendelee kuhesabu. La sivyo, asihesabu.

Picha hizi za alama nyingi ni kazi ya utafiti hasa, wala si jambo la kila hospitali. Lakini nyama inayotazamwa ni ya mtu, na ana mume au mke au watoto wanaongoja. Ndiyo sababu inafaa kwamba programu ikatae kufanana kwa bahati, na kwamba mtu atazame tena kabla jibu halijaandikwa. Basi mkiwa mnangoja majibu ya maabara na siku zikawa nyingi, kumbukeni kwamba kupima vizuri huchukua muda. Mwulizeni daktari kwa upole kazi imefika wapi. Hata akiomba kipande kilichobaki kitumiwe katika utafiti, mna haki ya kuuliza kitafanyiwa nini kabla ya kukubali.