Marudio: Maelezo Juu ya Thamani ya Maandishi Yanayolipwa kwa Sarafu za Kripto

Kiswahili kina maneno mawili, bei na thamani, ambayo wasemaji wenye haraka huyatumia kana kwamba ni neno moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. La kwanza asili yake ni tendo la kuuza, na la pili, katika lugha hiyo, ni kile kinacholipwa, yaani ndicho sisi tunachokiita bei. Lakini lugha yetu imeyatenganisha. Bei hupanda na kushuka katika mchana mmoja. Thamani yaweza kukaa ndani ya kitu ijapokuwa hapana mnunuzi hata mmoja mlangoni. Mchimbaji wa Nyarugusu aweza kusema kwamba jiwe lake lina thamani ila leo halina bei, na kila aliye karibu naye akamwelewa. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoitumia katika makala haya kueleza jambo geni kidogo, nalo ni mitandao ya kublogu ambayo mwandishi hulipwa kwa sarafu za kripto, na jinsi mtu wa Shinyanga au Geita awezavyo kujenga humo kitu cha kudumu.

Mtandao wa kwanza wa namna hii kupata watu wengi ni Steemit, uliojengwa juu ya blokicheni iitwayo Steem, iliyoanza mwezi Machi 2016. Waanzilishi wake ni Ned Scott na Daniel Larimer, Wamarekani. Blokicheni yafaa ieleweke kama daftari la hesabu ambalo nakala zake zimewekwa kwa watunzaji wengi mahali mbalimbali, na kila baada ya muda mfupi (katika Steem ni sekunde 3) ukurasa mpya huongezwa, ukafungwa pamoja na ule uliotangulia, hata asiweze mtu kuufuta ukurasa wa kati bila wenzake kuona. Katika daftari hilo huandikwa si malipo tu, bali na makala yenyewe, neno kwa neno. Picha hazimo, hizo hutunzwa kwingine, na kwingine huko kukifungwa picha hupotea.

Malipo hutoka wapi? Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu mwenye akili, na jibu lake si la siri. Kila siku mfumo huzalisha sarafu mpya, na sehemu kubwa ya sarafu hizo hutiwa katika mfuko mmoja. Wasomaji hupiga kura juu ya makala wanayoyapenda, na mfuko hugawanywa kwa kadiri ya kura. Lakini kura hazilingani. Kura ya mtu ina uzito sawa na kiasi cha sarafu alizozifungia ndani ya mfumo. Aliyefunga nyingi humpa mwandishi fedha, na aliyefunga chache humpa heshima tu. Kila kura kamili hupunguza asilimia 2 ya nguvu ya mpigaji, na nguvu hiyo hurudi asilimia 20 kwa siku, basi mtu ana kura kumi kamili za kutumia kila siku bila kujidhoofisha. Baada ya siku 7 hesabu ya makala hufungwa. Hadi Agosti 2019 mwandishi alipata robo tatu na wapiga kura robo. Tangu hapo wakawa wanagawana nusu kwa nusu.

Wenye mitandao hii, na wenye sarafu za kripto kwa jumla, wameazima istilahi zao nyingi katika machimbo. Kuzalisha sarafu kwa nguvu ya kompyuta huitwa kuchimba. Istiari hiyo ilibuniwa na watu ambao pengine hawajapata kushuka katika duara, yaani lile shimo ambalo wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huteremka kwa kamba. Walakini istiari ni ya kweli kuliko walivyodhani wenyewe. Dhahabu inapoonekana mahali, kukatokea rashi, wanaofika siku za mwanzo hushika maduara yaliyo juu ya mwamba wenyewe, na wanaokuja baadaye huchimba pembeni au huwa vibarua wa waliotangulia. Ndivyo ilivyokuwa katika Steem. Siku za mwanzo kabisa, kabla watu wengi hawajajua, kampuni ya waanzilishi ilijichimbia fungu kubwa mno la sarafu, na ingawa iliahidi kulitumia kwa kuendeleza mtandao wala si kwa kupiga kura za utawala, fungu hilo lilibaki kama jiwe lililoning'inia juu ya vichwa vya wote.

Januari 2018 sarafu moja ya Steem ilivuka bei ya dola 8 za Kimarekani. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya nusu dola, na mwezi Novemba kampuni ikapunguza wafanyakazi wake kwa asilimia 70. Hapa nakumbuka majembe ya Warongo, wahunzi wa Buzinza, nchi ambayo leo sehemu yake imo katika Mkoa wa Geita. Majembe yao yalichukuliwa hadi Usukuma na Unyamwezi, yakanunuliwa na kulipiwa mahari, yaani yalikuwa mali na chombo cha biashara kwa pamoja. Asiyepata mtu wa kulipokea jembe lake aliweza walau kulimia. Sarafu ya kripto hailimi. Mtu aliyeandika makala mia mbili kwa ajili ya sarafu peke yake alibaki, mwishoni mwa 2018, na tarakimu.

Kisha mwezi Februari 2020 Justin Sun, mwenye blokicheni ya Tron, aliinunua kampuni ya Steemit pamoja na lile fungu. Watunzaji wa daftari walishikwa na hofu, wakalizuia fungu lisitumike. Mwezi Machi masoko makubwa ya sarafu yalitumia sarafu ambazo wateja wao walikuwa wameziweka kama amana, wakapigia kura watunzaji wapya wa upande wa mnunuzi. Sehemu kubwa ya waandishi na watunzaji wa zamani walijitenga, na tarehe 20 Machi 2020 wakaanzisha blokicheni yao iitwayo Hive, wakanakili daftari lote la awali isipokuwa lile fungu lenye ugomvi. Jambo la kupendeza kwa mtafiti wa matini ni hili: sarafu ziligombaniwa, watu walitukanana, bei zilianguka, lakini makala yaliandikwa katika madaftari yote mawili. Yaliyoandikwa 2017 yakawa na nyumba mbili.

Sasa nije katika kujenga. Watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa maana ya kufunga mali. Wasukuma wana ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili kiangazi kikifika pawe na majani. Desturi hiyo ilidhoofika hata nchi ikawa kavu, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI, ambao uliwarudisha watu katika desturi yao wenyewe. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi wakati wa kuanza zilifika zaidi ya hekta 300,000 mpango ulipomalizika mwaka 2004. Kufunga sarafu katika Steem au Hive ni ngitili tupu. Mwanzoni aliyefunga hakuweza kuzitoa zote ila kwa wiki 104. Mwishoni mwa 2016 zikawa wiki 13, fungu moja kila wiki. Anayefunga hupata kura nzito zaidi, na kwa kura hizo hupata sehemu ya mfuko hata asipoandika. Anayetoa kila anachopata ni kama mchungaji aliyeingiza ng'ombe wake mwezi wa Januari. Nadhani istilahi yetu ya jambo hili ingefaa itoke huku, badala ya kufasiri Kiingereza neno kwa neno.

Lakini ngitili haileti mvua, na hapa pana shida ambayo waandishi wa mambo haya hupenda kuiruka. Kwa kuwa kura ina uzito wa sarafu zilizofungwa, na wenye sarafu nyingi ni wasomaji wa Kiingereza, Kikorea na lugha nyingine za wenye fedha, makala ya Kiswahili, hata yawe mazuri namna gani, hupita mbele ya macho yasiyoweza kuyasoma. Kijana wa Kahama huona hivyo katika mwezi wa kwanza, akaanza kuandika Kiingereza cha kubahatisha, au kunakili ya wenzake, na siku hizi kuiachia mashine imwandikie. Hapo hupata kidogo, kisha akagunduliwa, akapigiwa kura za kumshusha, na jina lake likaharibika katika daftari lisilofutika. Hapo ndipo hasara ilipo, nami sioni dawa yake ila moja: wasomaji wa Kiswahili wenyewe wafunge pamoja. Wakulima wa pamba wa kanda hii walilijua hilo. Walipoona kwamba wanapunjwa katika mizani waliweka wapimaji wao, wakaunda vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao baadaye ulimiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Mkulima mmoja mwenye kilo hamsini hakuwa na sauti. Watu mia waliofunga kidogo kidogo, wakasoma kwa haki na kuyapigia kura maandishi ya lugha yao, wana mizani yao.

Hayo yote, hata hivyo, ni habari ya sarafu. Thamani ya muda mrefu naiona mahali pengine, na neno lake linajulikana vema katika machimbo: marudio. Kwetu sisi wengine marudio ni kurudia jambo. Kwa wachimbaji ni mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa katika karasha na kuoshwa, na dhahabu kunaswa kwa zebaki. Zebaki aghalabu haipati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyosalia imo katika marudio, na mara nyingi mchimbaji humwachia mwenye karasha au mwenye mwalo marudio hayo kama sehemu ya malipo, kwa kuwa anataka fedha ya leo. Huyo mwingine huyakusanya miezi mingi, kisha huyachenjua kwa sayanidi, na pengine hupata kuliko alivyopata aliyeshuka shimoni.

Makala katika Hive nayo huoshwa kwa siku saba. Siku ya nane hesabu imefungwa, na mwandishi mwingi hayatazami tena. Lakini matini yamebaki, yako wazi kwa mtu yeyote, na thamani yake kubwa haijaguswa. Wanaotunga kamusi huyahitaji, wanaosanifu programu za kutafsiri na za kusikia maneno huyahitaji zaidi, kwa sababu Kiswahili kilichoandikwa kwa umbo la kidijitali, hasa cha bara na cha kazi za mikono, ni kichache. Mwenye kuyakusanya ndiye mwenye karasha. Basi swali la kujiuliza kabla ya kuandika si kwamba makala haya yatapata kura ngapi wiki hii, bali kwamba katika marudio yake kuna nini.

Habari za bei ya sarafu hazina kitu. Kesho ni takataka. Lakini mtu aliyeeleza kwa Kiswahili safi jinsi duara linavyotegemezwa kwa magogo, jinsi mawe yanavyogawanywa baina ya mwenye duara, mwenye eneo na wachimbaji, na majina ya kila kazi na kila chombo, ameandika kitu ambacho hakuna mwingine awezaye kukiandika isipokuwa aliye pale. Tumwangalie neno makinikia. Kabla ya mwaka 2017 lilijulikana kwa wataalamu wa madini. Mwezi Machi mwaka ule serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na mgogoro wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ukaanza, lilikuwa katika kila kinywa, na magazeti yakahangaika kulieleza. Mwandishi ambaye angekuwa ameliandikia maelezo mazuri mwaka mmoja kabla, angesomwa na nchi nzima.

Sheria nazo hazina budi kutajwa. Mwezi Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizowataka wenye blogu kupata leseni ambayo ada zake zilifika shilingi milioni 2.1 hivi, na mwezi Juni mwaka huo JamiiForums, iliyokuwepo tangu 2006, ilifungwa kwa muda kwa ajili ya kanuni hizo. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Kuhusu sarafu, Benki Kuu ilitoa tangazo la kuzikataza mwezi Novemba 2019; Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo; na Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Mwenye kuandika achunguze hali ilivyo siku anayoanza, wala asitegemee maneno ya kijiweni.

Yabaki mambo mawili ya utunzaji. Akaunti hulindwa kwa funguo za maandishi, na mwenye kuzipoteza hana tawi la benki la kwenda kulilia. Aziandike katika karatasi, aziweke mahali pawili. Na makala yenyewe ayaweke nakala nje ya mtandao, pamoja na picha zake, jina la kijiji na tarehe, kwa kuwa daftari huhifadhi matini lakini halimjulishi msomaji wa baadaye kwamba neno hili lilisikika Rwamgasa wala si Mwakitolyo.

Idhini ya matumizi nayo iandikwe mwishoni mwa kila makala kwa sentensi moja: nani aweza kuyanakili, na kwa sharti gani. Sentensi hiyo haimzuii mwizi, lakini mwenye karasha aliye mwaminifu atajua marudio ni ya nani.