MAPOROMOKO YA MAJI KATIKATI YA MJI
Ginsi watu wanavyotembelea mtaa wa vinu vya zamani huko Minneapolis



Katika somo la jiografia tulisoma juu ya mto Mississippi, na pale neno moja lilileta mabishano makubwa. Yalitoka darasani yakaingia mpaka katika interna, na taa zilizimwa watu wangali wakibishana. Profesa alituambia kwamba katika mji wa Minneapolis, upande wa kaskazini wa Marekani, kuko maporomoko ya maji katikati ya mji, kati ya nyumba za ghorofa, na watu wengi wanakwenda kuyatazama. Lakini akaongeza kwamba mahali maji yanapoangukia leo ni saruji. Wamoja wakasema, kama ni saruji basi si maporomoko tena, ni baraji tu. Wengine wakajibu: maji yanaanguka, unataka nini tena? Sisi wa darasa la sita tuliombwa tuandike habari hii wazi katika gazeti letu, ili wote waelewe. Tumefanya kazi ile kwa ramani, kwa picha na kwa vitabu.

Jina linalotumiwa na wazungu ni Saint Anthony Falls, maana yake Maporomoko ya Mtakatifu Antonio. Ndiyo maporomoko makubwa ya asili ya pekee katika sehemu ya juu ya mto Mississippi wote. Sisi tuliozoea kusikia habari za Boyoma na Inga tutacheka kidogo, sababu maji ya pale yanashuka karibu mita 15 tu. Lakini tusipime kwa urefu peke yake. Mji mzima umezaliwa na ile mita 15.

Kwanza tueleze mawe, maana bila mawe hakuna mtu atakayeelewa mengine. Juu kuko tabaka la mawe ya chokaa, gumu. Chini yake kuko mawe ya mchanga, laini kabisa, unaweza kuyakwangua kwa kisu. Maji yakianguka yanapiga chini, yanarudi nyuma na kula ule mchanga. Tabaka gumu linabaki limening'inia bila kitu chini, halafu siku moja linakatika na kuanguka. Ni kama ukingo wa barabara yetu wakati wa mvua: juu kunaonekana nzima, chini maji yamekwisha kuchimba, na gari likipita tu, mambo yameharibika. Kwa njia hii maporomoko yalikuwa yanatembea. Zamani sana, kama miaka 12,000 iliyopita, yalikuwa mahali pa mji wa Saint Paul wa leo. Yakarudi nyuma kidogo kidogo, zaidi ya mita 1 kwa mwaka tukikadiria, mpaka yakafika yalipo sasa. Na hatari ilikuwa hii: lile tabaka gumu lilibaki mita mia chache tu kwenda juu ya mto. Likiisha, maporomoko yanakwisha vilevile, yanakuwa maji ya mbio tu juu ya mchanga.

Wenyeji wa pale ni Wadakota. Wao waliyaita Owámniyomni, ni kusema maji yenye kuzunguka na kuchafuka. Kwao palikuwa mahali patakatifu, na chini ya maporomoko kulikuwa kisiwa kidogo walichokiita Kisiwa cha Roho. Mwaka 1680 padri mmoja, Louis Hennepin, alifika pale akiwa mikononi mwa Wadakota, akayapa jina la mtakatifu wake. Padri huyu alizaliwa Ath, mji ulio leo katika Ubelgiji. Kwa hiyo sisi wana wa Congo hatushangai sana: tunajua vizuri desturi ya Wabelgiji ya kufika mahali penye jina na kupapa jina lingine. Wadakota walipoteza udongo wao kwa mapatano ya karatasi, halafu, kisha vita ya mwaka 1862, wakafukuzwa katika jimbo la Minnesota. Kisiwa chao kilichongwa mawe, na karibu mwaka 1960 kilichobaki kiliondolewa ili merikebu zipite. Leo mtembezi anaweza kuangalia pale mahali, haoni kitu, maji tu.

Sasa tuingie katika vinu. Maaskari wa Marekani walijenga pale kiwanda cha kupasua mbao katika mwaka 1821, na kinu cha unga katika mwaka 1823. Baadaye wakaja wafanya biashara. Kazi yao iko hivi: wanachimba mfereji juu ya maporomoko, maji yanaingia chini ya nyumba ya kinu, yanashuka kwa nguvu katika shimo, yanazungusha turbini, na turbini inazungusha masini yote ya juu kwa mikanda ya ngozi. Maji yaliyokwisha kufanya kazi yanatoka kwa pango upande wa chini na kurudi mtoni. Hakuna kuni, hakuna mazuti. Ngano ilifika kwa treni kutoka mashamba makubwa ya mangaribi, na unga ukatoka kwa treni. Tangu mwaka 1880 mpaka 1930 Minneapolis ilikuwa ya kwanza katika dunia yote kwa kusaga unga. Kinu kimoja, Washburn A, kiliweza kutoa kwa siku moja unga wa kutosha mikate milioni 12. Tulijaribu kufanya hesabu ya chumba chetu cha kulia kwa kipimo kile, tukaiacha.

Lakini tamaa ya maji karibu iue maporomoko yenyewe. Wenye mali fulani walitaka nguvu ya maji kwa kisiwa cha Nicollet, kilicho juu kidogo. Wakaanza kuchimba shimo refu chini ya mto, katika yale mawe laini, kutoka chini ya maporomoko kwenda kisiwani. Tarehe 5 Oktoba 1869 mto ukapasua na kuingia ndani. Maji yakaanza kukimbia chini ya tabaka gumu, na udongo ukawa unaanguka. Watu wa mji wakakimbia pale, wakatupa ndani miti, mawe, udongo, kila kitu walichokuwa nacho, na maji yakabeba. Wakaziba, ikapasuka tena mahali pengine. Mwisho serikali ikatuma mafundi wa jeshi. Hawa walijenga ukuta wa saruji chini ya mto, ndani ya ule mchanga, toka upande mmoja mpaka mwingine: karibu mita 12 kwenda chini, na urefu wake zaidi ya mita 500. Ukakwisha mwaka 1876. Halafu katika mwaka 1880 wakamaliza kutandika mbao mbele ya maporomoko, kama meza iliyoinama, ili maji yateleze yasichimbe. Baadaye, katika miaka ya 1950, mbao zikaondolewa, wakaweka saruji.

Basi hapa tunatoa jibu letu kwa mabishano. Ile saruji haikuwekwa kusudi watu wapate baraji. Iliwekwa kama mtu anavyofungwa mguu uliovunjika. Mwenye kusema si maporomoko tena, tumwulize kama mguu uliofungwa si mguu. Lakini vilevile wale wengine wasishangilie mbio, sababu aliyevunja mguu ndiye yule yule aliyeufunga, na yale maporomoko yaliyotembea peke yake kwa miaka elfu nyingi hayatembei tena.

Jambo lingine ambalo wandugu wa darasa za chini walisome vizuri ni lile la tarehe 2 Mei 1878. Jioni ile kinu cha Washburn A kilipasuka kama bomu. Paa likarushwa juu, na vinu vya jirani vikaanguka na kuungua. Walikufa watu 18: 14 waliokuwa ndani, wote, na wengine 4 katika vinu vya karibu. Wafanyakazi wa mchana, ambao walikuwa wengi zaidi, walikuwa wamekwisha kwenda kwao. Kama ingekuwa mapema kidogo hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Hapakuwa baruti wala petroli. Kulikuwa unga. Mtu atauliza: unga unapasuka namna gani? Chukua unga katika gunia, weka moto juu, unaungua polepole, unanuka tu. Lakini unga uliorushwa hewani kama moshi, kila chembe inazungukwa na hewa pande zote. Cheche moja ikiwasha chembe moja, inawasha ya jirani, na ya jirani, zote kwa wakati mmoja, na moto huo unasukuma kuta mpaka zinaanguka. Cheche katika kinu hazikosi: mawe mawili yakisuguana bila nafaka katikati, yanatoa moto. Kisha ajali ile fundi mmoja mzaliwa wa Austria, William de la Barre, alifanya kazi ya kuweka masini za kukusanya vumbi, na kinu kikajengwa tena mwaka 1880. Tunaandika haya kwa kusudi. Wanafunzi wanaotumwa kusaga mahindi na mihogo ya shule wanajua ginsi kinu cha mtaani kinavyojaa vumbi jeupe, na kuko watu wanaingia ndani na sigara, au usiku na kibatari. Wasiingie nacho. Kama umeme hakuna, wangoje asubuhi.

Mwisho wa vinu haukuletwa na moto. Ulipofika umeme, kiwanda cha unga hakikuhitaji tena kukaa kando ya maji, na kisha mwaka 1930 mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, ukachukua nafasi ya kwanza. Kimoja kimoja vinu vikafungwa. Washburn A kilifungwa mwaka 1965. Mifereji ikajazwa mchanga, majengo yakabaki na panya na watu wasio na pa kulala, na wenyeji wa mji wakageuza mgongo kwa mto wao. Mwaka 1991 moto mwingine ukala kile kinu, zikabaki kuta.

Nasi tunaona hapa walifanya akili. Hawakubomoa kuta zile, wala hawakuzijenga upya kama vile moto haukupita. Mwaka 2003 wakafungua ndani yake nyumba ya makumbusho, Mill City Museum, ya vioo na chuma katikati ya mawe yaliyoungua. Mgeni anakaa ndani ya lifti kubwa iliyokuwa ya mizigo, inampandisha ghorofa kwa ghorofa, na kila mlango anaonyeshwa kazi iliyofanywa pale. Juu kabisa anatoka nje na kuona maporomoko chini yake. Kando ya mto kuko Mill Ruins Park, iliyofunguliwa mwaka 2001. Huko wachimbuzi waliondoa mchanga, na mapango ya maji na misingi ya vinu vikaonekana tena.

Halafu mgeni anapanda kilalo. Kinaitwa Stone Arch Bridge, ni kusema kilalo cha matao ya mawe. James J. Hill, tajiri wa treni, alikijenga mwaka 1883. Urefu wake kama mita 640, na mwisho wake mmoja umepinda kama upinde. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1978, na tangu mwaka 1994 ni njia ya wenda kwa miguu na wa baiskeli. Kutoka pale maporomoko yanaonekana usoni kabisa. Wakati mzuri ni wakati theluji inapoyeyuka, mwezi wa ine na wa tano: maji yanakuwa ya rangi ya kahawa na yanavuma. Katika miezi ya baridi barafu inashika pembeni. Wakati wa ukame mgeni anaweza kuona saruji karibu kavu, na huyo atarudi nyumbani akisema profesa wetu alisema kweli.

Jambo moja hatulipendi. Vinu vingi na magala yamegeuzwa kuwa nyumba za kukaa, na nyumba zile ni za bei kali. Wajukuu wa wabeba magunia si wengi watakaoweza kulipa. Vitabu vinasifu sana mtaa uliofufuka, lakini vinapita mbio juu ya neno hili.

Kando ya maporomoko kuko pia mlango wa merikebu, uliofunguliwa mwaka 1963. Ulifungwa mwezi wa sita mwaka 2015, kwa sheria ya serikali, ili samaki wageni wanaoharibu mto wasipande juu. Sasa Wadakota wako na shirika lao linalotaka mahali pale parudi kuwa na majani na miti ya asili, na maji yafikiwe tena kwa miguu.

Na ule ukuta wa mwaka 1876 ungali chini pale. Haukuondolewa, haukujengwa mwingine. Wageni wote wanaosimama kwenye kilalo wakipiga picha, hakuna anayeuona, maana umezikwa mchangani chini ya mto. Mji unakunywa maji ya Mississippi yanayochotwa juu ya maporomoko, na ukuta ukipasuka, mto utafanya tena kama mwaka 1869. Katika miaka ya 2020 watu wa Minneapolis wameanza kuuliza kwa sauti kama ungali mzima, na ni nani, kati ya serikali, mji na wenye umeme, anayepaswa kushuka kuupima.

Mkuu wa wanafunzi, kwa jina la darasa la sita