Mnyaa: shahidi wa mipaka ya mashamba

UKISAFIRI kutoka Gitega hadi Muyinga, kabla hujafika mpakani Kobero, utaona nyumba zilizozungushiwa mmea wa kijani, mwembamba kama penseli, usio na majani. Huo ndio mnyaa. Waliokaa Tanzania wanaufahamu. Hata jina la Ziwa Manyara linasemekana kutokana na mmea huo kwa Kimasai.

Kusema kweli majani unayo, ila ni madogo na hudondoka mapema. Matawi ndiyo hutengeneza chakula, hivyo kiangazi hakiutishi. Chomeka tawi ardhini, litaota, na ua wake huweza kuishi kuliko aliyeupanda.

Hilo si dogo kwa waliokimbia mwaka 1972. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 yalitaka mkimbizi arudishiwe ardhi yake. Lakini nyumba ikishabomoka, mpaka utaonyeshwa na nini? Huenda ni mstari wa minyaa mikongwe tu. Si hati, lakini usiukate kabla bashingantahe hawajauona.

Na ukikata, chunga macho: utomvu wake mweupe huweza kupofusha. Ukikurukia, osha kwa maji mengi, kisha wahi zahanati. Ajabu ni kwamba mmea huu mkali ni wa ukoo mmoja na muhogo tunaokula, mbarika na mti wa mpira.