Mafua Yajayo na Maua

Mwezi huu twataka kuwapa habari ya ugonjwa ambao wengi huucheka, nasi pia tuliucheka hata ulipotushika wenyewe.

Kwetu huku upande wa Arusha, masika yakiisha, nyasi husimama kupita kiuno cha mtu nazo hutoa maua. Ndipo sisi huanza kupiga chafya, wala si moja au mbili, bali kumi kwa mfululizo. Macho yawasha, kaakaa lawasha, na pua yatoka maji kama chemchemi. Miaka mitatu tulisema, "Ni baridi tu." Tulijifukiza kwa majani ya mkaratusi, tukapata nafuu ya kitambo kidogo. Kisha tukanunua dukani matone ya kuzibua pua, tukayatumia mwezi mzima, pua ikazidi kuziba. Kwani dawa ya namna ile haifai kupita siku chache.

Basi jirani mmoja akatunong'oneza ya kuwa tumerogwa. "Hamwoni," akasema, "ya kwamba chafya huwashika kila mpitapo shambani kwa bibi yule mjane?" Naam, jambo hilo lilikuwa kweli, nasi twaona haya kuungama ya kuwa tulianza kuzunguka njia nyingine, na salamu za bibi yule tukaziitikia kwa mbali.

Mwaka wa nne tulisafiri kwenda Tanga. Siku ya pili, katika upepo wa bahari, chafya zikakoma. Tuliporudi, hatukufika hata nyumbani, zikaanza tena. Ndipo tulipokwenda kwa daktari, akatuuliza, "Shamba lile lina nini?" Tukajibu, "Halina kitu, limelala; ni nyasi na gugu karoti tu." Akacheka.

Alitueleza ya kuwa unga wa maua, uitwao chavua, hupeperushwa na upepo ukaingia puani. Kwa watu wengine mwili hukosea, huudhani kuwa adui, ukatoa kitu kiitwacho histamini, nacho ndicho kiletacho mwasho na maji. Mafua ya kawaida huisha kwa juma moja au mbili, na pengine huja na homa. Haya hayana homa, nayo hudumu maadamu maua yapo. Ua la rangi nzuri lipendwalo na nyuki halidhuru sana, maana chavua yake ni nzito; kwa hiyo msikate mawaridi yenu bure.

Wazungu nao walihangaika. Mwaka 1819 tabibu John Bostock wa London aliandika habari ya ugonjwa huu kama ulivyompata yeye mwenyewe, lakini alidhani chanzo chake ni joto la kiangazi. Ndiye Charles Blackley wa Manchester, katika kitabu chake cha mwaka 1873, aliyeonyesha ya kuwa ni chavua. Alijitia chavua puani, akaugua kwa hiari yake. Tena akarusha tiara zenye vioo vya kunata, apate kujua kama chavua hufika juu angani. Ikaonekana yafika. Mtu mzima kurusha tiara kama mtoto! Lakini twamshukuru.

Daktari alitupa vidonge vya setirizini, ambavyo haviletei watu wengi usingizi mzito kama klofeniramini ya zamani. Pia alitupa dawa ya kupuliza puani, itumiwayo kila siku, na yafaa ianzwe kabla maua hayajafunguka. Nyumbani twaoga kabla ya kulala, maana chavua hukaa katika nywele. Shuka hatuzianiki nje majira hayo. Na pua twaiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Ugonjwa haukuondoka kabisa, ila twalala. Lakini mtu ambaye kifua chake chalia filimbi, au apataye shida kuvuta pumzi, asingoje vidonge. Huenda ni pumu, aende hospitali siku ile ile.

Tulikwenda kwa bibi, tukamweleza yote, hata yale ya aibu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nami nilidhani mmenichukia kwa sababu ya deni la mahindi." Sasa kila mwaka, kabla nyasi hazijatoa maua, vijana wetu humfyekea shamba, mikono wameivika mifuko na pua wamezifunga vitambaa, kwa sababu gugu karoti huwasha ngozi. Nyasi huwapa mbuzi wake, gugu hulichoma, nasi twakaa mbali na moshi.