Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu akikwambia kwamba kuchora kwa rangi za maji ni mambo ya Wazungu, muulize kombe ni nini. Zafarani huvurugwa kwa marashi mawaridi, aya zikaandikwa kwa kalamu ya mwanzi juu ya sahani nyeupe, kisha maji yakapita juu yake. Maji, rangi na weupe wa kile kilicho chini: hayo matatu ndiyo fani yenyewe, haina jingine. Na ule wino wa chuoni wa masizi na gundi ya mgunga, ambao watoto waliandikia vibao kisha wakaviosha, ni ndugu wa baba mmoja na rangi nyeusi inayouzwa dukani leo ndani ya vijisanduku.

Basi si ajabu kuwaona vijana wetu, wa kike na wa kiume, wakitaka kujifunza uchoraji huu. Lakini tazama yanayowapata. Mzazi huingia dukani, akaona kisanduku cha rangi 36 zimepangwa zikapangika, macho yakamtoka, akakinunua kwa bei yoyote aliyotajiwa. Karatasi? Ah, karatasi ni karatasi. Huchukua daftari la kuchorea la shule. Mtoto akitia maji, ukurasa unajikunja kama chapati juu ya chuma, rangi inazama palepale ilipoangukia, na akipitisha burashi mara ya pili karatasi inachubuka na kutoa manyoya. Siku ya tatu kisanduku kiko juu ya kabati, na mtoto ameshaambiwa kuwa hana mkono wa kuchora. Pengine ameamini. Hiyo ni dhuluma, ndugu msomaji, kwani mwenye makosa ni karatasi.

Siri ya karatasi ya rangi za maji ni dondo. Kanzu isiyotiwa dondo hunywa jasho na kulegea, iliyotiwa husimama. Karatasi nayo ni vivyo hivyo. Iliyotiwa dondo sawasawa hulipokea tone la maji na kuliacha likae juu kwa kitambo, nawe ukapata nafasi ya kuisukuma rangi, kuichanganya na mwenziwe, au kuifuta kwa kitambaa ukibadili nia. Isiyotiwa hulinywa tone papo hapo. Ukipata kipande cha kujaribia, mwombe mwenye duka ruhusa, uchovye kidole majini na udondoshe tone moja. Ukiliona linazama na kuacha doa kama la chai kwenye gazeti, rudisha na uende zako.

Na dondo hili si geni kwa Waislamu. Karne ya 8 ufundi wa karatasi uliotoka kwa Wachina uliingia Samarkand, ukafika Baghdad, na mafundi wa huko wakawa wakiipaka karatasi wanga na kuisugua kwa jiwe mpaka ing'are, ili kalamu iteleze. Karne ya 13 Wataliano wa mji wa Fabriano waliuacha wanga wakatumia gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, yaani jelatini. Msomaji wangu ataniuliza: mnyama gani? Swali lake ni la haki. Ziko karatasi leo ambazo watengenezaji wake wanaandika wazi kwamba hazina kitu cha mnyama ndani yake. Mwenye kutaka utulivu wa moyo na azitafute hizo. Kwa burashi pia, za nailoni zinamtosha anayeanza, asiwe na haja ya kuuliza nywele ni za nani.

Sasa uzito. Karatasi ya kupigia taipu ni ya gramu 80 hivi kwa mita moja ya mraba. Kwa rangi za maji usishuke chini ya gramu 300. Ikiwa umepata ya gramu 190 hivi, itakubidi uilowanishe, uitandaze juu ya ubao na kuibana kingo zote kwa utepe wa gundi mpaka ikauke imekazana kama ngozi ya ngoma. Kazi hiyo humchosha mgeni wa sanaa kabla hajachora hata mstari. Tazama pia imetengenezwa kwa nini. Iliyoandikwa kuwa ni pamba asilimia 100 ndiyo bora, kwa kuwa nyuzi za pamba ni ndefu na hustahimili kusuguliwa. Ya miti ni rahisi zaidi, na ikiwa imeandikwa kuwa haina asidi yafaa kwa mazoezi. Yenye asidi hugeuka manjano na kukatika, kama litakavyokuwa gazeti hili ukilisahau dirishani.

Uso wake huwa wa namna tatu: laini kama kioo, wenye mparuzo mwingi, na wa kati na kati. Chukua wa kati, habari iishe.

Najua utalia bei. Karatasi ya pamba haikuwa rahisi wala haitakuwa. Lakini ukinunua shiti moja kubwa, ya sentimita 56 kwa 76, ukaikunja na kuikata vipande 8, kila kipande kitakuwa na sentimita 28 kwa 19, nacho kina pande mbili. Hizo ni picha 16. Zile rangi 36 hazikupi hata moja ukiwa huna pa kuzitia.

Tuje kwenye rangi. Kila rangi ni unga uliosagwa na kushikwa kwa gundi ya mgunga, ile inayotoka sana Sudan, upande wa Kordofan. Tofauti ya nzuri na mbaya ni unga: ni mwingi kiasi gani, na unaweza kukaa juani? Zafarani yetu ni nzuri, lakini hupauka kwa mwanga. Masizi hayapauki daima. Huko Uingereza, mwaka 1888, Russell na Abney walitoa ripoti nzito juu ya jinsi mwanga unavyozila rangi za maji, baada ya watu kuteta sana juu ya picha zilizokuwa zikififia ukutani. Tangu hapo mnunuzi hana udhuru. Soma ubavuni mwa kijitubu: kustahimili mwanga daraja la I au II ni salama. Utaona pia herufi na nambari za unga wenyewe. Ukiona PR83, nyekundu inayoitwa alizarin, iache. Ni nzuri leo, kesho haipo.

Mwanzoni nne zinatosha. Manjano, PY154, nyekundu ya waridi, PV19, buluu ya ultramarine, PB29, na hudhurungi ya udongo uliochomwa, PBr7. Hiyo buluu zamani ilisagwa kutoka jiwe la Badakhshan, kule Afghanistan, kwa thamani ya kutisha, mpaka Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata tuzo mwaka 1828 kwa kuitengeneza kiwandani. Ichanganye na hudhurungi upate kivuli kile hasa cha ukuta wa matumbawe saa kumi jioni. Nyeupe usinunue: nyeupe yako ni karatasi. Na picha za viumbe wenye roho nawaachia masheikh wetu. Mlango wa Lamu, jahazi na mnazi havimalizwi kwa umri mmoja.

Limebaki la hewa yetu. Pwani ni unyevu, na ukungu huipenda mno karatasi iliyotiwa dondo. Usiiweke chini wala kuiegemeza ukutani. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ikae juu, tena iwe imelala. Kisanduku cha rangi usikifunge kikiwa na maji. Kiache wazi usiku kucha, mbali na watoto na paka, asubuhi ndipo ufunike.