Vitenge Vitatu Vilivyobaki

(Muziki wa kipindi unapungua)

Tuseme mama mmoja ameenda Kampala, pale Kiyembe, akanunua vitenge 10, kila kimoja shilingi 30,000. Amelipa 300,000. Huku kambini ameuza 7 kwa 40,000. Majirani wanampongeza: faida 10,000 kwa kila kitenge! Lakini mkononi ana 280,000, na vitenge 3 vya rangi isiyotakiwa vimelala kwenye begi. Nauli ya basi bado hatujaihesabu.

Vile vitatu ndivyo watu wanavyovisomea chuo kikuu. Somo la masoko ya nguo si la kushona. Fundi wetu anajua kushona. Ni la kujua kabla hujatoa pesa: nani atavaa, rangi gani, saizi gani, mwezi gani. Sare za shule zinatafutwa kabla shule hazijafunguliwa, baada ya hapo ni mzigo. Tena unajifunza kupanga bei ukihesabu na kitakachobaki, na siku ya kushusha bei ili pesa irudi kazini.

Kampala, biashara na masoko husomwa Makerere University Business School, iliyoko Nakawa. Ubunifu wa vitambaa husomwa Makerere yenyewe, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Ukiniuliza, anza na biashara. Vitambaa utavijua ukizunguka Owino; hesabu ndiyo ngumu kuipata sokoni.

Sasa mlango wa kuingia. Unahitaji angalau principal pass mbili za S6. Kama ulisoma Kongo au Burundi, cheti chako cha sekondari kinapelekwa kwanza UNEB, Ntinda, kilinganishwe na cha Uganda. Anza mapema, maana hatua hii inakula muda. Mwenye miaka 25 na zaidi ambaye hana alama hizo kuna mtihani wake, unaitwa mature age.

Karo ni nzito. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR upo tangu 1992, nafasi zake ni chache, na fomu haiuzwi. Anayekuomba pesa ya fomu ni mwizi, hata kama ni jirani.

Leo usiku toa cheti kwenye ile bahasha. Linganisha jina lako na lile la kitambulisho cha ukimbizi, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, lishughulikie kabla ya kupanda basi la Kampala.

(Muziki)